Siku ya Tatu ya Kornelio

Maabara ya hospitali hiyo ya misheni iko mwisho wa korido, baada ya stoo ya mashuka, na dirisha lake linatazama shamba la kabichi la jirani. Eliza Shemhilu amefanya kazi humo kwa miaka kumi na tisa. Ana umri wa miaka arobaini na sita, ni binti wa mkulima wa Kilutheri, na wenzake wanamjua kwa mambo mawili. Akiulizwa namba, hasemi "kama hivi". Na akiwa zamu, haruhusu mtu mwingine amtoboe mtoto mchanga kisigino.

Jambo la tatu lilianza miaka minne iliyopita. Mtoto wa kike wa miezi mitano alipasuliwa tumbo, akaonekana anaendelea vizuri, akafa siku ya sita. Eliza alirudi kwenye rejista yake. Alikuta damu ya mtoto yule ilipimwa mara nne, na kila mara namba ilikuwa kubwa kuliko ya siku iliyotangulia. Kila namba ilipelekwa wodini kwenye kikaratasi chake, ikasomwa na muuguzi wa zamu ile, ikabandikwa kwenye faili. Hakuna aliyeziona zote nne kwa pamoja. Eliza mwenyewe, aliyeziandika kwa mkono wake, hakuziona.

Wiki ile alinunua daftari la hesabu lenye miraba. Kila mtoto aliyepasuliwa alipewa ukurasa wake: siku zikaandikwa chini, namba pembeni, kila kipimo kikawekewa nukta, na nukta zikaunganishwa kwa rula.

Namba hizo ni za protini ambayo vitabu huiita CRP, na wodini huitwa siarapii. Ini huimwaga kwenye damu mwili unapojeruhiwa au unaposhambuliwa na vijidudu. Upasuaji nao ni jeraha, kwa hiyo namba hupanda hata kwa mtoto asiye na tatizo lolote. Hupanda siku mbili hivi, kisha huanza kushuka. Ikiendelea kupanda siku ya tatu, huenda ndani kuna jambo ambalo macho hayajaliona bado: usaha, au mshono wa utumbo unaovuja.

Kufikia Julai ya mwaka jana daftari lilikuwa na watoto thelathini na mmoja. Mistari ishirini na minne ilishuka siku ya tatu, na watoto wake wote walirudi nyumbani wazima. Mistari saba iliendelea kupanda. Kati ya watoto hao saba, watano walikutwa na tatizo. Wawili hawakuwa na lolote, na Eliza aliliandika hilo pia.

Daktari Zabron, daktari msaidizi anayefanya upasuaji mwingi hospitalini hapo, mwanzoni alilicheka daftari.

"Dada Eliza, siku hizi unapiga ramli?"

"Ramli haina rula, daktari."

Mwaka wa pili yeye ndiye aliyekuwa akipita maabara asubuhi kuuliza mstari unasemaje. Mwaka wa tatu wodi ilikuwa na utaratibu: mstari ukipanda siku ya tatu, mtoto anapelekwa hospitali ya rufaa, chini ya milima, safari ya saa tano.

Kornelio aliletwa Jumatatu moja ya Julai hiyo kutoka Rangwi. Alikuwa na wiki kumi na nne na ngiri iliyonasa tangu usiku. Zabron alipofungua alikuta kipande cha utumbo, urefu wa kidole, kimekwisha kuwa cheusi. Alikikata, akaziunganisha ncha mbili zilizobaki. Mama wa mtoto, Secilia, alikuwa na miaka ishirini na miwili, mkulima, na Kornelio ndiye mtoto wake wa kwanza.

Jumanne namba ya Kornelio ilikuwa arobaini na nane. Jumatano, sabini. Alhamisi saa kumi na mbili asubuhi, ukungu bado umeketi juu ya kabichi, mashine ilitoa tisini na sita.

Zabron alikuja, akaitazama nukta ya tatu. Alikuwa ametoka kumwona mtoto. Ananyonya. Ana joto kidogo, si la kutisha. Tumbo limejaa kiasi, lakini ni laini.

"Ukimtazama yeye, hana neno," alisema.

"Ukitazama mstari?"

"Ukitazama mstari, anashuka milima leo."

Akampigia simu Dula, dereva wa gari la wagonjwa. Hakuna aliyeuona uamuzi huo kuwa mwepesi. Kornelio alikuwa na kilo tano na nusu. Kama mshono wa utumbo ulikuwa unavuja, kumbakiza ilikuwa ni kumuua. Kama haukuwa unavuja, kumpeleka ilikuwa ni kumtikisa kwenye kona za mlimani hadi Mombo na mbali zaidi, kisha huenda kumfungua tena tumbo lililokuwa linapona lenyewe.

Hospitali ya rufaa hutaka kundi la damu la mgonjwa kabla hajafika. Kwa hiyo saa tatu Eliza alikwenda wodini na kisanduku chake. Asubuhi zote tatu alimkuta mtoto amefungwa, akafunua kisigino tu. Safari hii Secilia alikuwa anambadilisha nepi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Endelea tu, nasubiri."

Hapo ndipo alipoona mapaja. Kila paja lilikuwa na uvimbe mdogo mwekundu, mgumu ukiugusa, mahali pale pale kushoto na kulia.

"Hii nini?"

Secilia alivuta kanga haraka. "Mbu."

"Mbu wa Julai, na baridi hii? Tena amepima, mmoja huku, mmoja huku?"

Mwanamke wa kitanda cha pili alicheka. Secilia hakucheka. Eliza akaketi ukingoni mwa kitanda, akaacha Kiswahili, akamwuliza tena kwa Kishambaa, polepole, kama anavyomwuliza mdogo wake nyumbani. Jibu likaja kwa Kishambaa, kwa sauti ya chini.

Kadi ya kliniki ilisema chanjo ni Jumatano. Mwezi uliopita Secilia alichelewa siku tatu kwa sababu ya msiba, na kwenye zahanati alikokwenda muuguzi alimsimamisha mbele ya kina mama wote, akamwambia ainue kadi juu waione. Watu walicheka. Aliapa kwamba haitatokea tena. Jana, wauguzi walipokuwa na daktari upande wa wanaume, alimvika Kornelio sweta mbili, kofia na shali, akamfunga kwa kanga, akavuka uwanja wa hospitali hadi kliniki ya mama na mtoto. Walichoma sindano zote mbili. Kabla raundi haijafika upande wake, alikuwa amerudi kitandani.

"Hukuwaambia kwamba amepasuliwa?"

"Hawakuniuliza."

Eliza alichukua damu aliyoijia, akaipeleka maabara, kisha akatoka kwenda kliniki. Mwamvita, muuguzi wa chanjo, alikuwa anafunga boksi la barafu. Ni mtu wa Tanga mjini, na hiyo ilikuwa Julai yake ya tatu milimani. Bado alikuwa hajaisamehe baridi.

"Namkumbuka," alisema. "Mwenye kanga ya njano. Nikamwambia nipe mapaja, akafunua mapaja. Nyie Wasambaa mnawafunga watoto kama vitunguu, dada. Ukimenya hadi umfikie mtoto, foleni imelala."

"Na kwenye mzani?"

Mwamvita aliacha kufunga boksi. Julai kliniki huwapima watoto na nguo zao, kisha hupunguza nusu kilo. Kila mtu anajua, na hakuna anayeliandika. Hakuna mkono uliopita chini ya sweta za Kornelio, na hakuna aliyeiona bandeji.

"Nimekosea?" aliuliza Mwamvita.

"Umemchanja mtoto aliyefika siku yake," Eliza alisema. "Lakini ana siku tatu tangu akatwe utumbo. Wodini hatukujua."

Chanjo haina madhara kwa mshono. Ila huuamsha mwili, ndiyo kazi yake, na mwili ukiamka ini humwaga protini ile ile. Yaani tisini na sita ya asubuhi huenda ilitoka kwenye utumbo, huenda ilitoka kwenye mapaja, na huenda ilitoka kote kuwili. Mashine haitofautishi.

Kutoka kliniki hadi ofisi ya Zabron ni uwanja mmoja na ngazi sita. Eliza alijua atakachokifanya daktari akiambiwa. Mtu aliyepewa sababu nyepesi ya kumbakiza mtoto anayenyonya vizuri ataishika sababu hiyo. Asipoambiwa, gari litaondoka saa nne, kama mstari ulivyoagiza. Daftari lilikuwa lake, na uvimbe ule aliuona yeye peke yake. Alipanda ngazi, akamwambia.

Zabron aliketi. Mabega yake yalishuka.

"Basi ndiyo hiyo chanjo."

"Nimekwambia kilichotokea. Sijasema ndiyo hiyo."

"Kwenye daftari lako yupo mtoto aliyechanjwa katikati hivi?"

"Hayupo."

"Basi hujui."

"Sijui. Na wewe hujui, daktari."

"Mimi najua mtoto ananyonya na tumbo ni laini. Siwezi kumpeleka akafunguliwe kwa sababu ya sindano ya kliniki." Akamwita Dula, akamwambia asubiri.

Dula, aliyekwisha kujaza mafuta, alichungulia mlangoni. "Leo twende, leo tusubiri. Mngekuwa nyie ndio matairi mngeshapasuka."

Maabara ilikuwa na vifaa vya kupimia siarapii viwili tu, kila kimoja cha kutumika mara moja. Vingine vingefika Jumatatu kutoka Tanga. Zabron alitaka vitunzwe. Eliza alitaka vyote viwili viwe vya Kornelio, na akasimama mlangoni hadi akakubaliwa.

Mchana ule yeye na Mwamvita walifunua rejista mbili, ya maabara na ya chanjo, wakizilinganisha tarehe kwa tarehe. Walitafuta watoto waliochanjwa kisha wakaletwa na homa siku iliyofuata, wakapimwa. Katika miaka miwili walipata tisa. Namba ya juu kabisa ilikuwa arobaini na nne. Wanne kati yao walipimwa tena kesho yake, na wote wanne walikuwa wameshuka. Ulikuwa ushahidi mdogo, na Eliza aliuita hivyo hivyo alipoupeleka kwa Zabron. Chanjo inaweza kupandisha, alisema, lakini haipandishi siku ya pili. Kama ni chanjo, kesho alfajiri itakuwa imeanza kushuka.

Saa kumi jioni alitumia kifaa cha kwanza. Mia moja na nne.

"Imeongezeka nane," alisema Zabron. "Mashine yako inaweza kukosea nane?"

"Inaweza."

"Basi ni ile ile ya asubuhi."

"Inaweza kuwa ile ile."

Wapo watu ambao wangetumia kifaa cha mwisho papo hapo ili wapate usingizi. Eliza aliona kwamba tofauti ya saa mbili au tatu ingekuwa ndogo kuliko kosa la mashine. Alikitunza hadi asubuhi, na anasema kwamba katika kazi yake yote huo ndio uamuzi aliourudia kichwani mara nyingi zaidi.

Ijumaa saa kumi na mbili namba ilikuwa mia moja hamsini na moja.

Hakungoja kuichorea nukta. Alikwenda wodini na karatasi mkononi, akamkuta Zabron yuko tayari kando ya kitanda. Tangu saa kumi na moja alfajiri Kornelio alikuwa amekataa ziwa, na tumbo lilikuwa limekaza. Daktari alisoma karatasi, akaikunja, akaitia mfukoni mwa koti. Dula aliwasha gari bila mzaha wowote.

Secilia alikuwa amekwisha kupanda, mtoto kifuani, alipomshika Eliza mkono kupitia mlangoni.

"Mama, ni sindano?"

"Sindano haikumtoboa utumbo," Eliza alisema. Mlango ukafungwa.

Walifika kabla ya adhuhuri, na mtoto akaingizwa chumba cha upasuaji saa nane. Saa kumi na mbili jioni daktari wa kule alipiga simu. Zabron aliweka spika ili Eliza asikie. Mshono ulikuwa na tundu dogo, kiasi cha punje ya ulezi. Mtoto alikuwa hai. Lakini tumbo lilikuwa limekwisha kuchafuka, isingewezekana kushona na kuondoka. Utumbo umetolewa nje ubavuni na kuwekewa mfuko, hadi miezi minne ipite, ndipo afunguliwe mara ya tatu kuurudisha.

"Mngemleta jana asubuhi, labda tungeshona tu," ilisema sauti. "Labda. Siwezi kukwambia kwa hakika."

Simu ilipokatika Zabron akasema, bila kumtazama, "Ungenyamaza, angeondoka Alhamisi."

"Angeondoka."

"Hujutii?"

"Ningenyamaza, siku nyingine nikikuletea namba ungejuaje kama nimekuletea na yote ninayoyajua?"

"Mimi ndiye niliyemrudisha Dula."

"Wewe ndiye."

Zabron alikuja kusema baadaye kwamba jibu hilo lilimsaidia kuliko pole alizopewa na wengine.

Tangu wiki ile, mtoto aliyelazwa akifikisha siku ya chanjo, muuguzi wa kliniki huja wodini mwenyewe na kusoma faili kwanza. Kwenye daftari, juu ya kila ukurasa, kuna swali jipya kabla ya jina: amechanjwa lini. Ukurasa wa Kornelio haumo katika hesabu. Eliza anasema mtoto huyo hawezi kutumiwa kuonyesha kwamba mstari unasema kweli, kwa kuwa ulipokuwa unasema, damu yake ilikuwa na mambo mawili ndani. Wenzake wanaona anajinyima ushahidi mzuri. Yeye anasema ushahidi mzuri haupatikani kwa kuuhitaji.

Agosti, Secilia alipita hospitalini na mtoto na mfuko wake, akitafuta bandeji. Eliza alimwita maabara, akafunga mlango.

"Siku ile nilikujibu nusu. Sindano haikumtoboa, hiyo ni kweli. Lakini ilitufanya tuchelewe siku nzima. Pengine asingekuwa na mfuko huo. Pengine angekuwa nao hata hivyo."

Secilia aligusa mfuko ubavuni mwa mtoto. "Kwa hiyo ni mimi."

"Wewe ulikwenda ulikoambiwa uende, siku uliyoambiwa. Mimi nilikuona kila asubuhi kwa siku tatu, na sikukuuliza kitu. Nilikuwa natazama kisigino."

Alitegemea kilio au hasira. Secilia alimhamisha mtoto bega la pili, akaomba kuuona ukurasa. Aliishia darasa la saba, na hakuwahi kuona mchoro wa namna ile, lakini aliweka kidole kwenye nukta ya kwanza, akakifuatisha mstari, akasimama kwenye ya tatu.

"Hapa ulijua?"

"Hapa nilidhani najua."

Kidole kikasogea kwenye ya nne. "Na hapa?"

"Hapa sikujua."

Kidole kikafika juu, kwenye mia moja hamsini na moja. "Na ikiwa nzuri inaelekea wapi?"

Eliza alimfungulia ukurasa wa mtoto mwingine, mmoja wa wale ishirini na wanne. Secilia aliutazama huo nao, kwa muda ule ule.

Upasuaji wa kurudisha utumbo ulifanyika Jumanne moja ya Novemba, hospitali ya rufaa. Zabron aliomba huko waipime damu ya Kornelio kila siku. Hakuna aliyekubaliana na Secilia kwamba awe anapiga simu maabara. Jumatano alipiga, akasema arobaini na moja. Alhamisi alipiga, akasema sitini na tatu, na Eliza akamwambia kwamba siku ya pili huwa hivyo. Usiku ule, Eliza anasema, alilala vibaya.

Ijumaa simu iliita saa tatu na nusu.

"Shikamoo mama. Leo wamesema thelathini na nane."

"Marahaba. Wamepima mara ngapi?"

"Mara moja. Na hajachomwa chanjo yoyote, nimewaambia kabla hata hawajauliza, mpaka nesi akaniambia mama tumekusikia." Nyuma yake mtoto alikuwa analia, kilio kikubwa cha njaa. "Jana sitini na tatu, leo thelathini na nane. Imeshuka, siyo?"

"Imeshuka."

"Na kesho?"

"Kesho utaniambia wewe."

"Haya mama. Ngoja nimnyonyeshe, halafu nikafue nepi. Huku jua limetoka."